Uzi: Nachimba kisima Bamburi, futi 22 chini nimekuta kombe ndani ya jabali. Lilifikaje huko?

KisimaChaBamburi (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Nisaidieni kabla sijagombana na fundi wangu.

Nachimbisha kisima nyuma ya nyumba, hapa Bamburi. Futi tatu za kwanza zilikuwa udongo mwekundu, baada ya hapo jabali tupu. Vijana wanashinda na mtaimbo na sururu kutwa, jioni unakuta wameshuka futi moja, siku nyingine nusu. Jana alasiri wamefika futi 22. Kikapu kikapanda na bonge la jiwe, ndani yake kombe la chaza limekaa zima, pande zote mbili zimefumba, ukubwa wa kisahani cha chai. Wala halikubandikwa juu. Limo ndani, jiwe limelikumbatia pande zote. Nimelichokoa na tindo mpaka maghribi, halitoki.

Kwangu hadi ufuoni ni zaidi ya kilomita moja, na nyumba iko mwinukoni. Fundi anasema mawe humea kama viazi, yakikua yanameza kila kinachokaa karibu. Ami yangu anasema mtu zamani alikula chaza akatupa kombe. Futi 22 ndani ya jabali? Huyo mtu alikuwa anakulia wapi?

Swali la pili. Jiwe la juu lilikuwa gumu, mipini miwili imevunjika. Tunavyoshuka linazidi kuwa laini, tundu tundu kama mkate wa kumimina. Mie nilidhani chini ndiko kugumu.

Mpita_Njia

Umeangalia kama lina lulu? Nimekaa siti ya mbele, leteni kahawa na kashata.

MwalimuMstaafu

Mpita_Njia tulia kwanza, kijana ameuliza la maana.

KisimaChaBamburi, jabali lako ni tumbawe. Na si tumbawe la kulifananisha tu, ni tumbawe lenyewe, lile lile ambalo wavuvi hupasulia nyavu zao. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko sasa, barafu nyingi ya ncha za dunia ikayeyuka, na bahari ikapanda mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Bamburi yako, Nyali, kisiwa chote cha Mombasa, Likoni hadi Diani, vyote vilikuwa chini ya maji ya kina kifupi, na hapo matumbawe yakajenga.

Wajenzi wenyewe ni wanyama wadogo, mdomo na tumbo basi. Wanachota chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji ya bahari na kila mmoja anajijengea kikombe chake. Akifa, mwingine anajenga juu ya kaburi lake. Aina moja ya tumbawe nene la mviringo huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka. Sasa chukua futi zako 22, karibu mita 7, ufanye hesabu mwenyewe: ni mamia ya miaka ya kujenga, na hapo hakuna dhoruba iliyovunja kitu.

Chaza wako aliishi kwenye ufa baina ya matumbawe. Alipokufa, mchanga wa makombe yaliyosagika ulimwagika juu yake akiwa amefumba, ndiyo maana pande zote mbili zipo. Ingekuwa mtu amemla, angezitenganisha. Kisha maji yaliyobeba chokaa yakapita katikati ya chembe hizo kwa muda mrefu, yakiacha kila mahali fuwele ndogo za kalsiti, yaani chokaa iliyoganda, na fuwele hizo ndizo gundi. Mchanga uliogandishwa namna hiyo unaitwa mwamba mashapo. Kwa hiyo fundi wako amekosea njia lakini hakukosea mbali sana: jiwe halikummeza chaza. Chaza ni sehemu ya jiwe.

KisimaChaBamburi

Shukran Mwalimu. Yaani nimekaa juu ya makaburi miaka yote na sijui. Na ule ugumu wa juu?

MwalimuMstaafu

Mvua. Maji ya mvua huchukua gesi ya kaboni angani na nyingine kwenye udongo, yakawa na ukali kidogo, kama siki iliyozimuliwa mara nyingi sana. Yakiingia kwenye jiwe la chokaa yanalila kidogo. Jua likija, maji yanapanda na kukauka, na ile chokaa yaliyoibeba inabaki kwenye vitundu vya juu. Mwaka baada ya mwaka tabaka la juu linajijaza na kushikana. Chini ambako hakukauki, tundu zinabaki tundu, au zinaliwa zaidi hadi ziwe mapango. Shimoni kule kusini imepata jina lake hivyo hivyo.

Ukitaka kuona jambo hilo nyumbani, fungua birika lenu la chai mtazame chini. Ule ukoko mweupe ni jiwe la Bamburi limezaliwa upya jikoni.

ShekheMdogo

Assalamu alaikum. Mwalimu kwa heshima zako, wazee wetu walisema makombe yaliyo bara ni alama ya tufani ya Nabii Nuhu. Sasa hiyo miaka 125,000 mnaitoa wapi?

MakadaraMsomaji

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Miaka hiyo inapimwa ndani ya tumbawe lenyewe. Tumbawe likiwa hai huvuta urani kidogo sana kutoka baharini, na urani ile hubadilika taratibu kuwa thori kwa mwendo unaojulikana. Unapima ipo kiasi gani ya hii na ya ile, unapata umri.

Ila mie ningependa ukumbuke kwamba suala hili si la Wazungu peke yao. Ibn Sina, karibu miaka elfu moja iliyopita, katika Kitab al-Shifa ameandika kwamba mawe hutokana na udongo unaoganda au na maji yanayoacha kilichomo ndani yake. Anasimulia kwamba alipokuwa mtoto aliona kando ya mto Jayhun (Amu Darya ya leo) ule udongo ambao watu walikuwa wakioshea vichwa. Baadaye aliurudia akaukuta umekuwa jiwe laini, na baina ya hapo na hapo ilikuwa kama miaka 23. Na makombe yaliyo bara aliyaeleza kwamba nchi hizo zilikuwa bahari zamani. Bila darubini, bila maabara, macho tu na subira.

Tufani ni ya wiki na miezi. Tumbawe lililosimama pale pale lilipomea, juu ya mizizi ya babu zake, linahitaji bahari iliyotulia kwa muda mrefu.

ShekheMdogo

Ibn Sina na udongo wa kuoshea nywele! Hilo la miaka 23 sikuwa nalijua. Barakallahu fik, naendelea kusoma.

Bi_Kibokoni

Wanangu, mie si msomi wa mawe lakini nimelelewa na tanuu. Babangu mzazi alikuwa akichoma chokaa, na haya mnayoandika mie nimeyaona kwa mikono ya mtu.

Walikuwa wakipanga magogo duara, safu juu ya safu, urefu wa kifua cha mtu. Katikati wanaacha shimo la kutilia moto. Juu yake yanawekwa mabonge ya matumbawe, madogo madogo ya ngumi. Moto ulikuwa ukiwashwa jioni kwa ajili ya upepo, na sie watoto tulikatazwa kukaa upande wa moshi. Asubuhi lile rundo limeshuka, mawe yamekuwa meupe, na ukilishika moja ni jepesi la kushangaza, kama limetolewa roho. Babangu alikuwa akituonya: usilitemee mate hilo. Alilimwagia maji siku moja tuone. Likafoka, likatoa mvuke, likapasuka vipande vipande likawa unga, na sufuria ikawa ya moto haishikiki. Akasema, "Sasa limezimwa." Unga ule ulitiwa shimoni na maji ukakaa miezi. Fundi aliyetumia chokaa ya wiki moja alichekwa mji mzima.

Kisha unachanganywa na mchanga, unapigwa ukutani, na baada ya miaka ukuta unakuwa jiwe tena. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ukigonga plasta ya zamani inalia kama kaure. Ile ya saruji waliyotia wajukuu juzi ishabanduka kwa chumvi.

MwalimuMstaafu

Shikamoo Bi mkubwa. Umetufundisha somo zima kwa rundo moja la kuni.

Wanajamvi, angalieni hesabu iliyo nyuma ya maneno ya Bi. Lile jiwe kuwa jepesi si hisia. Joto likifika kama nyuzi 900, jiwe la chokaa hutoa gesi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani. Kilo 100 za tumbawe safi zinabaki kilo 56. Kilo 44 zimekwenda na upepo, hiyo ndiyo roho aliyoisema. Ukilimwagia maji linapata moto kwa sababu linayanywa kwa nguvu. Na ukutani, polepole sana, chokaa ile inavuta tena gesi ya kaboni kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe la chokaa, yaani kitu kile kile alichojenga mdudu wa tumbawe. Mzunguko ambao ardhi huuchukulia mamilioni ya miaka, baba yake Bi aliuzungusha kati ya maghribi moja na plasta kukauka.

Saruji nayo inaanzia hapo hapo. Kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikichoma matumbawe haya tangu 1954. Ila huko wanachanganya na mawe ya udongo na kupandisha joto hadi nyuzi 1,450 hivi, na kinachotoka ni kitu kingine kabisa, kinachoganda hata chini ya maji. Chokaa haiwezi hivyo, inataka hewa.

FundiTindo

Bi Kibokoni umenikumbusha mwalimu wangu wa kazi, Mungu amrehemu. Nami niongeze la mjengo.

Mawe ya kukata ya hapa kwetu yakitoka tu timboni ni laini, yana maji. Unaweza kuyachonga kwa panga. Ukiyaacha juani miezi michache yanashupaa, kwa sababu ile ile ya mvua aliyotaja Mwalimu: maji ya ndani yanatoka nje, yanaacha chokaa kwenye ngozi ya jiwe. Wazee walilijua hili kuliko sie. Ile miviringo ya mihirabu ya misikiti ya zamani, na nakshi za fremu za milango pale Gede, ilichongwa kwenye tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi. Unachonga haraka kabla halijakauka. Likishakauka umechelewa, utavunja tindo.

Fort Jesus imejengwa juu ya jabali hilo hilo kuanzia 1593, na handaki lake limechongwa ndani yake. Ukisimama handakini huoni jabali linaishia wapi na ukuta unaanza wapi.

Malalamiko yangu: mwaka jana muuzaji mmoja aliniletea lori la mawe mabichi, yamejaa mishipa ya udongo mwekundu, akaapa yamekaa juani miezi sita. Nimejenga kozi nne, mvua za masika zikaja, udongo ukayeyuka, jiwe likabaki kama jino bovu. Nimebomoa kwa gharama yangu. Sasa kila lori nalijaribu: unagonga mawe mawili. Likilia "ting" nashusha, likilia "puf" dereva anarudi nalo.

Mpita_Njia

"Kama jino bovu." Fundi andika mashairi yakhe.

Nyanda_za_Juu

Natokea Nakuru, nimekuja Mombasa kikazi. Kwetu jiwe ni jeusi au la kijivu, limetoka volkano. Hapa kila jiwe ni jeupe lina tundu. Ina maana Pwani haina mawe mengine?

DerevaWaLori

Hapo sasa mmeniingiza mie. Nimeendesha barabara ya Mombasa kwenda juu miaka kumi na sita, nabeba balasti, mazeras, saruji, kila kitu kizito. Mwalimu atanisahihisha majina lakini macho ni yangu.

Ukivuka Makupa ukaanza kupanda Changamwe, weupe umekwisha. Pale kwenye vilima vilivyokatwa kwa ajili ya barabara unaona jiwe la rangi ya kijivu-kijani, linapasuka kama karatasi, mvua ikinyesha ni tope. Miritini vile vile. Ukifika Mazeras rangi inageuka tena, njano na kahawia, jiwe la mchanga. Ndilo hilo watu wa Nairobi wanalitandika barazani wakaliita "mazeras" bila kujua ni jina la mji. Limekaa kwa tabaka, unatia patasi linafunguka kama kurasa. Mariakani ni mchanga bado, mgumu zaidi. Maji ya Chumvi, Samburu, halafu Taru jiwe la changarawe, chembe kubwa unazihesabu. Kule ndiko kuna ngurunga, vile visima vya asili juu ya jiwe ambavyo misafara ya zamani ilikuwa ikitegemea kunywa. Halafu baada ya Mackinnon Road, ukikaribia Maungu na Voi, mambo yanabadilika kabisa: jiwe linang'aa, lina milia, na milima imesimama peke yake kama mtu amesahauliwa.

Nilikuwa najiuliza kila safari: kwa nini limepangwa hivi, kama vitambaa dukani?

MwalimuMstaafu

Dereva, wewe umesoma kitabu kwa magurudumu.

Kila kituo ulichotaja ni cha zamani zaidi kuliko kilichotangulia. Ukiondoka baharini kwenda Voi unarudi nyuma ya wakati. Kisiwani ni maelfu ya miaka. Changamwe na Miritini ni tope la bahari ya zama za Jura, zaidi ya miaka milioni 150. Humo wamekuwa wakipata amonaiti, wale wanyama wa kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo, na wanasayansi wa Ujerumani walikuwa wakiandika juu yao tangu karne ya 19. Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru ni mchanga na tope la mito na maziwa, zaidi ya miaka milioni 200 kurudi nyuma. Wakati huo hakukuwa na Bahari ya Hindi hapa. Bukini (Madagaska) ilikuwa imeshikana nasi na Bara Hindi limo humo humo. Bara lile lilipoanza kupasuka, bonde lilizama na mito ikalijaza mchanga. Kwenye mawe ya Mazeras kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, na ya Maji ya Chumvi yana mabaki ya samaki. Baada ya ufa kupanuka ndipo bahari ikaingia, Bukini ikateleza kwenda kusini, na tope la Changamwe likatua.

Sasa, mchanga ule wa Mazeras ulitoka wapi? Ulitoka kwenye milima iliyokuwepo bara, mawe ya aina ya Voi, yaliyokwanguliwa na jua, mvua na mito kwa muda usioelezeka. Chembe ya kwatzi uliyoikanyaga Mazeras ilikuwa ndani ya jiwe lenye milia kabla ya hapo. Na leo mvua inaikwangua Mazeras yenyewe, chembe ile ile inashuka hadi Mwache na Tudor, inalala kwenye matope ya mikoko. Haijastaafu.

Na kwa ndugu wa Nakuru: mawe ya moto yapo Pwani, machache. Kilima cha Jombo kule Kwale ni magma, yaani jiwe lililoyeyuka, iliyopanda ikaganda chini kwa chini, kisha mashapo ya juu yakaondolewa na mvua. Jirani yake Mrima ni ajabu zaidi, maana magma yake ilikuwa na chokaa nyingi, na ndiko kunakozungumzwa madini ya niobi.

Mtaita_Halisi

Nimengoja mfike Voi. Karibuni nyumbani.

Lile jiwe lenye milia linaitwa naisi. Ukilitazama karibu, mstari mweupe, mstari mweusi, mahali pengine imejikunja kama leso iliyokamuliwa. Nilikuwa natunza mbuzi juu yake nikidhani ni rangi. Nilipokuja kufanya kazi kwenye machimbo ya vito ndipo mzee mmoja mchimbaji aliponionyesha: mstari mmoja wenye grafiti, ule unaoacha weusi mkononi kama penseli. Akasema, "Hii ilikuwa matope ya bahari yenye vitu vilivyooza."

Na ndivyo. Sehemu kubwa ya Taita hadi Tsavo ilikuwa tope, mchanga na chokaa chini ya bahari ya zamani kabisa. Kiasi cha miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita mabara yaligongana, bahari ile ikabanwa, mawe yakasukumwa chini makumi ya kilomita. Kila ukishuka kilomita moja joto linapanda nyuzi 25 hadi 30. Kule yalikaa zaidi ya nyuzi 600. Sikilizeni hapa kwa sababu watu wengi hukosea: hayakuyeyuka. Yai likichemshwa haliyeyuki, linageuka. Jiwe nalo liligeuka likiwa gumu vile vile, chembe zikajipanga upya, madini mapya yakaota ndani. Ndiyo maana yanaitwa miamba geu.

Tope lenye kaboni likawa na grafiti. Na tope hilo hilo lilikuwa na vanadi kidogo, aina ya metali, ambayo iliingia kwenye kito kiitwacho ganeti ikakifanya kijani. Ndiyo tsavoraiti. Campbell Bridges, mwanajiolojia Mskoti, aliiona kwanza Tanzania 1967, kisha akaikuta huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina limetoka Tsavo. Kijani cha pete ya bibi harusi kimetokana na uozo wa bahari.

Na chokaa ya bahari ile? Ikawa marumaru. Iko kwetu, mistari mirefu myeupe kati ya naisi. KisimaChaBamburi, jiwe lako ukilipeleka chini kilomita 20 ukalisahau miaka milioni kadhaa, utapata hiyo. Ila kombe lako hutalikuta. Kalsiti ikijipanga upya inafuta kila umbo, unabaki na fuwele kama sukari.

MamaLikoni

Marumaru si zile tailizi za choo? Mtaita unasema zinachimbwa?

FundiTindo

Mama, hapo biashara imetuvuruga. Tailizi nyingi za dukani ni udongo uliofinyangwa na kuchomwa, wakaupaka rangi ya marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe. Kipimo rahisi: chukua siki, idondoshe pahali pa kificho. Ikitoa povu ni chokaa, yaani marumaru au tumbawe. Isipotoa, ni udongo au itale (graniti). Na usimwagie marumaru ya mtu sebuleni, itapoteza mng'ao, utanilaumu.

MamaLikoni

Nimejaribu sakafu ya dadangu. Haikutoa povu. Alilipia marumaru ya Italia 😂 Sijamwambia.

Nyanda_za_Juu

Na lile jiwe jeusi ninaloliona nikipita Tsavo? Kuna kilima kirefu kimekaa bapa kama meza upande wa mashariki wa barabara.

DerevaWaLori

Hiyo ni Yatta. Ukiwa Manyani unaiona vizuri asubuhi.

MwalimuMstaafu

Yatta ni mto wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani. Na cha kuchekesha ni kwamba lava ile ilitiririka *bondeni*, maana kila kioevu kinatafuta chini. Ikaganda ngumu. Mawe laini ya pembeni, yaliyokuwa juu yake, yakaliwa na mvua yakaisha. Bonde likabaki kuwa kilima.

Lava changa iko Tsavo Magharibi, Shetani, chini ya vilima vya Chyulu. Hiyo ina umri wa miaka mia mbili hivi tu, nyeusi, kali, hata nyasi bado zinaisitasita. Ilitoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 1,100. Kwa kuwa ilipoa haraka, fuwele zake hazikupata muda wa kukua, huzioni kwa macho. Itale yenyewe hupoa chini kwa chini maelfu ya miaka, ndiyo maana chembe zake unazihesabu.

Na kabla hujadhani lava haikuhusu wewe wa Mombasa: mvua ya Chyulu hupenya majivu na lava ile, inachujwa chini kwa chini, inatokea Mzima, na bomba linaileta mjini. Ukifungua mfereji, siku ukitoa maji, unakunywa volkano.

Mpita_Njia

"Siku ukitoa maji." Mwalimu umetupiga chenga na umetupiga kofi.

NahodhaMtongwe

Mie swali langu ni dogo. Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, linaelea. Nimeliokota ufuoni mara nyingi. Hilo nalo ni tumbawe?

MakadaraMsomaji

Hapana nahodha, hilo ni povu la volkano lililoganda na hewa ndani. Huweza kuvuka bahari. Krakatoa ilipolipuka 1883 kule Indonesia, mawe ya namna hiyo yalielea hadi pwani ya Afrika Mashariki. Hebu fikiria, visigino vya bibi zetu vikisuguliwa na mlima wa Java na Sumatra.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa maji: umewahi kujiuliza kwa nini Kilindini ina kina hivyo na kisiwa kimezungukwa? Miaka 20,000 iliyopita barafu ilirudi, bahari ikashuka mita 120 hivi. Mito ikakata mabonde ndani ya tumbawe kuufuata ufuo uliokimbia. Bahari iliporudi ilifurika mabonde hayo. Tudor, Mtwapa, Kilindini, yote ni mito iliyozama. Meli zinapita juu ya kitanda cha mto.

NahodhaMtongwe

Wallahi ndiyo maana mkondo unafuata katikati vile. Tulikuwa tukisema ni njia ya majini.

BintiWaHaller

Nadokeza moja. Timbo (machimbo) la kiwanda cha saruji lililoachwa Bamburi lilikuwa jabali jeupe kama uwanja wa mwezi, maji ya chumvi chini, hakuna hata jani. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa mimea wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti, na mvinje ndio uliokubali. Majani yake yalikuwa hayaozi, akaleta majongoo, wakayala, kinyesi chao kikawa udongo. Leo kuna msitu, na wageni wanalipa kuingia. Jiwe kuwa udongo nalo ni badiliko, tusiliruke.

FundiTindo

Mleta uzi, kabla hujafurahi sana: usichimbe kupita kiasi. Maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia jiweni. Ukishuka mno, au ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda na hairudi haraka. Na choo chako kiko wapi? Tumbawe ni chekecheo, kila kinachoingia huku kinatokea kule. Kiweke mbali na kisima, na upande ambao maji yanaelekea, si yanakotoka.

KisimaChaBamburi

Nimerudi, samahani nilikuwa msibani.

Choo kiko upande wa baharini, alhamdulillahi. Nimepima hatua arobaini na mbili.

Jana usiku nilifanya jaribio. Nilikwangua unga wa jiwe la juu kwenye kisahani, unga wa kombe kwenye kisahani cha pili, na ukoko wa birika kwenye cha tatu. Nikatia siki. Vyote vitatu vimefoka, na wa birika ndio uliofoka zaidi. Mtoto wangu wa darasa la sita akauliza, "Baba, kwa hivyo chai ina matumbawe?" Nikamwambia aje asome uzi huu, amesoma mpaka kwa Ibn Sina akalala. Asubuhi amelowesha udongo wa bustani kwenye kikopo, ameandika tarehe, anasema atangoja miaka 23.

Fundi nimemwonyesha. Amekaa kimya, kisha akasema, "Basi yanamea. Yanamea baharini." Sikuwa na jibu.

Leo wamefika futi 36 na jiwe limeanza kulowa. Hatuendi chini sana zaidi ya hapo, FundiTindo nimekusikia. Kombe nimeliacha ndani ya jiwe lake, liko kibarazani linashikilia mlango usipigwe na kaskazi. Mke wangu anaulizia chupa yake ya siki ya achari.